Jakuzi la Maji ya Chumvi Nyumbani Mombasa: Mwongozo Kamili wa Kuliweka na Kulitunza

Jakuzi la maji ya chumvi linaua vijidudu kwa klorini, sawa na jakuzi lolote jingine. Lielewe hilo kabla hujatoa pesa, kwa sababu dukani utaambiwa kwamba ukinunua la chumvi umeachana na dawa. Hujaachana nayo, unaitengeneza mwenyewe. Ndani ya bomba la jakuzi kuna seli yenye bamba za titani zilizopakwa madini kama ruteni au iridi. Stima ikipita kati ya bamba hizo, chumvi iliyoyeyuka majini inavunjwa na klorini inazaliwa. Klorini hiyo ikishafanya kazi hurudi kuwa chumvi, kisha mzunguko unaanza upya. Faida yake ni ya kweli: klorini inatoka kidogo kidogo mfululizo, harufu inapungua, na ngozi haikauki sana. Lakini vipimo vyote vya klorini, pH (kipimo cha asidi ya maji) na ugumu wa maji (wingi wa kalisi ndani yake) vinabaki kuwa kazi yako.

Kwa Mombasa kuna jambo la ziada ambalo vitabu vya maelekezo kutoka nje havikuandikiwa. Vinadhani maji yako ni matamu na hewa yako ni kavu, na sisi hatuna uhakika wa hayo mawili.

Mahali na ruhusa

Jakuzi la watu wanne hubeba lita kama 1,200, yaani kilo 1,200 za maji peke yake. Ongeza uzito wa jakuzi lenyewe na watu wanne, unafika karibu kilo 1,800. Likiwa la mita mbili kwa mbili, hiyo ni kilo 450 kwa kila mita mraba. Sakafu ya chumba cha kuishi kwa kawaida huhesabiwa kubeba mzigo wa kama kilo 150 kwa mita mraba. Kwa hiyo kwenye roshani ya fleti Nyali, au juu ya dari ya nyumba ya ghorofa Tudor, jibu la kwanza ni hapana, mpaka mhandisi wa majengo aje, akague, na aandike kwa mkono wake kwamba panafaa. Neno la fundi mwashi halitoshi. Kwa nyumba za Mji wa Kale, zenye kuta za mawe ya matumbawe na dari za boriti, usijaribu kabisa. Pahali pazuri ni chini, juu ya zege iliyosawazishwa, yenye mteremko mdogo unaoelekeza maji kwenye mfereji wa kutolea.

Ukiwa mpangaji, pata idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi. Ukijenga kibanda, ukuta au jukwaa la kudumu, ulizia idhini ya ujenzi kaunti kabla ya fundi kuanza. Na mweleze jirani. Pampu inanguruma, na ukuta wa uani mara nyingi ndio huo huo ukuta wa chumba chake cha kulala.

Stima

Hapa sikubali mzaha wala njia ya mkato. Maji ya chumvi yanapitisha stima vizuri kuliko maji matamu, na mtu aliye ndani ya jakuzi amelowa mwili mzima. Tafuta fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na petroli, na umwombe akuonyeshe. Mwambie unataka laini ya peke yake kutoka kwenye boksi, swichi inayokata stima inapovuja miliampea 30, swichi ya kuzimia iliyo karibu lakini isiyofikiwa na mtu aliye majini, na waya wa kutuliza stima ardhini ulioungwa na kila chuma kilicho karibu, kuanzia reli ya ngazi hadi fremu ya pampu. Kila mwezi bonyeza kitufe cha majaribio cha ile swichi. Isipokata, jakuzi halitumiki mpaka ibadilishwe.

Kama jakuzi limeletwa kutoka Marekani, soma kibati chake. Kule stima yao ni ya hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde, yetu ni volti 240 na hezi 50. Pampu iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee itazunguka polepole hapa na inaweza kuungua. Dai iliyoandikwa 50.

Kuhusu gharama, hesabu ni rahisi. Kupasha lita 1,200 kutoka nyuzi 28 hadi 38 kunakula uniti 14 hivi za stima. Zidisha kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti yako ya tokeni. Baada ya hapo mfuniko mzuri ndio unaokuokolea pesa.

Pima maji kabla ya kugusa chumvi

Hii ndiyo hatua inayoamua kama jakuzi litadumu miaka au litakusumbua kuanzia mwezi wa kwanza.

Mombasa tunapata maji kwa njia nne. Kuna ya mfereji, yanayotoka Mzima, Marere, Tiwi na Baricho, na huja kwa mgao. Kuna ya boza. Kuna ya kisima au bohoro (kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine) la nyumbani. Na kuna ya mvua. Maji ya kisima yamepita kwenye mwamba wa matumbawe, na mwamba huo ni chokaa, kwa hiyo yamebeba kalisi nyingi. Kisima kikiwa karibu na bahari, huwa yana chumvi tayari. Maji ya boza hayana chanzo kimoja. Leo matamu, wiki ijayo yamechotwa bohoro la mtu. Usimwamini dereva, pima ndoo ya kwanza kabla hajafungua bomba.

Nunua vifaa viwili: karatasi za kupimia za jakuzi zinazoonyesha klorini, pH, alkalini (uwezo wa maji wa kuzuia pH isiyumbe) na ugumu, na kipima-chumvi cha mkononi kinachosoma miligramu kwa lita. Vyote huuzwa na wauzaji wa dawa za bwawa la kuogelea.

Halafu fungua kitabu cha jakuzi lako uone linataka chumvi kiasi gani. Mengi huwa kati ya miligramu 1,500 na 3,000 kwa lita. Tuseme lako linataka 2,000. Ukilijaza kwa maji ya mfereji yanayosoma 300, unahitaji kuongeza 1,700 kwa kila lita. Kwa lita 1,200 hiyo ni kilo mbili na kidogo. Ukilijaza kwa maji ya kisima yanayosoma 1,100, unahitaji 900 tu, yaani kilo moja na gramu 80. Mtu akifuata maelekezo ya mfuko bila kupima, akatia kilo mbili na nusu kwenye maji ya kisima, seli itajizima kwa kuzidiwa, na dawa pekee ni kumwaga sehemu ya maji. Kumbuka pia kwamba kipimo cha mkononi kinahesabu kila kilichoyeyuka, kalisi ikiwemo. Ndiyo sababu nashauri utie theluthi mbili ya hesabu yako, uache maji yazunguke siku nzima, upime tena, ndipo umalizie.

Ugumu wa maji unautaka kati ya miligramu 150 na 250 kwa lita. Ukizidi hapo sana, bamba za seli zitavaa magamba meupe kama birika la chai la nyumba isiyo na maji matamu, na klorini haitatoka. Kwa maji ya kisima yenye ugumu wa 600, dawa ninayoipenda ni mvua. Maji ya mvua karibu hayana kalisi. Changanya nusu kwa nusu na ugumu unashuka hadi 300. Theluthi moja ya kisima kwa theluthi mbili za mvua, unafika 200. Mwenye tangi la kuvuna maji ya masika kutoka paa la mabati ana hazina. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, kisha ndipo uanze kukinga. Na ukijaza kwa maji ya mvua matupu utakuwa umekwenda upande wa pili: maji yasiyo na kalisi hutoa povu na hula vyuma, kwa hiyo yachanganye.

Je, kwa nini usichote maji ya bahari, iko hapo nyuma ya ukuta? Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Jakuzi la lita 1,200 lingekuwa na kilo 42 za chumvi, mara kumi na saba ya kinachotakiwa. Hita, pampu na seli vingeharibika, na juu yake ungekuwa umeingiza mchanga, mwani na viumbe hai.

Chumvi yenyewe iwe kloridi ya sodiamu safi, isiyo na madini joto wala dawa ya kuzuia kugandamana. Chumvi ya jikoni Kenya huongezwa madini joto kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo pakiti ya dukani haifai. Madini joto hubadilisha rangi ya maji na huacha madoa. Tuna bahati, mashamba ya chumvi yako Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi. Lakini chumvi ghafi ya pale ina udongo na magnesi. Omba iliyosafishwa, ile ya mabwawa ya kuogelea.

Kuliwasha mara ya kwanza

Mpangilio ni muhimu kuliko kasi. Osha jakuzi kwa kitambaa na maji, bila sabuni. Jaza kwa kuingiza mpira kwenye tundu la filta, ili hewa isibaki ndani ya mabomba na kuzuia pampu. Washa pampu, seli ikiwa imezimwa.

Rekebisha alkalini kwanza, iwe kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita. Iko chini? Tumia soda ya kuokea, ile ya bikaboneti tupu, si poda ya kuumulia. Gramu 17 katika lita 1,000 hupandisha kwa 10. Kwa lita 1,200 unazotaka kupandisha kwa 20, tia gramu 40 tu. Magadi ya kupikia maharagwe usiyatie: hupandisha alkalini na pH kwa pamoja, na kwa maji yetu pH tayari iko juu.

Kisha pH, iwe kati ya 7.2 na 7.8. Maji ya chumvi hupenda kuipandisha, kwa sababu ya seli na kwa sababu mapovu ya jeti yanafukuza kaboni dioksidi. Ishushe kwa asidi kavu, bisalfeti ya sodiamu, kidogo kidogo, ukipima baada ya saa moja. Ukiona pH inapanda kila wiki bila kukoma, iache alkalini ikae karibu na 80, itatulia.

Sasa chumvi. Imwage polepole jeti zikiwa zimewaka, ikiyeyuka yote kabla ya kuwasha seli.

Mwisho ni klorini ya kuanzia, na watu wengi huiruka hii. Seli ni polepole. Haiwezi kusafisha maji machafu kwa siku moja, na visima vingi vya mjini viko karibu na vyoo vya shimo na mashimo ya maji taka. Yeyusha gramu 18 hadi 20 za klorini ya unga ya asilimia 65 katika ndoo ya maji, kisha mimina jakuzini. Kwa lita 1,200 utapata miligramu 10 kwa lita. Unga ndio unaotiwa majini, si maji kwenye unga. Acha mfuniko wazi, subiri klorini ishuke hadi 5, ndipo uwashe seli na ndipo mtu aingie.

Asidi na klorini havikutani kamwe, hata kwenye kijiko kimoja. Vikichanganyika vinatoa gesi inayoua. Na usiweke vidonge vya klorini vya bwawa chombo kimoja na klorini ya unga. Mchanganyiko huo unaweza kuwaka moto. Kila kimoja na mkebe wake, mahali pakavu penye kivuli, juu, mbali na watoto. Klorini ya maji hupoteza nguvu haraka kwa joto letu, usinunue ya miezi.

Kanuni za wanaoingia

Joto lisizidi nyuzi 40. Kwa hali ya hewa ya hapa mimi hushauri 36 au 37, na kati ya Januari na Machi hata 34 inatosha. Dakika 15 hadi 20, kisha toka unywe maji.

Watoto walio chini ya miaka mitano wasiingie. Wakubwa kidogo waingie maji ya vuguvugu, kwa dakika chache, na mtu mzima akiwa pale pale, si jikoni. Mjamzito, mwenye moyo, mwenye presha au kisukari aongee na daktari wake kwanza. Aliyekunywa pombe au anayetafuna muguka asiingie. Joto linashusha presha ya mwili, na pombe au muguka unauongezea moyo mzigo. Mchana wa Ramadhani mtu aliyefunga aliache. Maji mwilini ni machache, na kizunguzungu ndani ya maji ni hatari. Ngoja baada ya kufuturu, chakula kikishatulia.

Nywele ndefu zifungwe juu, na mtu asizame kichwa. Tundu la kufyonza maji lina nguvu kuliko linavyoonekana. Marekani ilitunga sheria ya vifuniko vya matundu hayo mwaka 2007, iliyopewa jina la Virginia Graeme Baker, mtoto wa miaka saba aliyenaswa na mfyonzo wa jakuzi mwaka 2002 akafa. Kifuniko cha tundu kikivunjika au kikilegea, zima pampu, funga jakuzi, usitumie mpaka kipya kifike.

Kila mtu aoge kwa sabuni na kujisuuza kabla ya kuingia. Huku kwetu hili lina uzito wake. Mafuta ya nazi, liwa, singo ya bi harusi, mafuta ya nywele, hata losheni ya jua: vyote vinakwenda kula klorini yako na kuziba filta. Baada ya singo oga vizuri na usubiri siku. Hina iliyokwisha kukauka na kuoshwa haina shida. Asumini na vikuba viache nje, maua yanaoza ndani ya filta. Na aliyetoka pwani aoshe miguu kwenye karai lililo pembeni, mchanga unakwaruza pampu.

Kila wiki

Kabla ya kila matumizi, chovya karatasi. Klorini iwe 3 hadi 5, pH 7.2 hadi 7.8. Klorini ikiwa chini ya 3, hakuna kuingia, hata kama wageni wameshavaa. Joto kati ya nyuzi 25 na 45 ndilo linalopendwa na bakteria aitwaye Legionella, ambaye huvutwa pamoja na mvuke na kuleta ugonjwa mbaya wa mapafu. Mwenzake, Pseudomonas, huleta vipele vyekundu vinavyowasha, hasa mahali nguo ya kuogea ilipobana. Maji yakionekana safi si ushahidi wa chochote.

Stima ikikatika kwa saa nyingi, seli imelala na klorini imekwisha. Ikirudi, pima kabla ya kufanya lolote.

Mara moja kwa wiki pima pia alkalini na chumvi. Maji yakipungua kwa kuvukizwa, chumvi inabaki, kwa hiyo ongeza maji matamu tu. Chumvi unaongeza pale tu maji yaliporuka nje, yalipomwagwa au yalipozimuliwa na mvua.

Filta ioshwe kwa mpira kila wiki mbili na ilowekwe kwenye dawa ya kusafishia filta kila mwezi au miwili. Kuwa na mbili, moja ikikauka nyingine inafanya kazi.

Seli itoe kila miezi mitatu, au kila mwezi kama unatumia maji ya kisima. Ukiona magamba meupe, zima stima kabisa, iloweke kwenye siki nyeupe mpaka magamba yaachie, kisha isuuze. Usiikwangue kwa kisu wala waya. Ule mpako ndio seli yenyewe, ukitoka hakuna matengenezo. Ikitunzwa, seli hudumu miaka miwili hadi mitano.

Hewa ya bahari, joto na mvua

Hewa yetu inakula vyuma hata bila jakuzi. Futa nje ya jakuzi kwa maji matamu kila wiki, na badilisha skrubu za kawaida ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Fungua sanduku la pampu kila mwezi. Mijusi kafiri na sisimizi hupenda joto la vifaa vya stima, na mjusi mmoja akilala juu ya bodi anaiunguza. Ziba matundu ya hewa kwa wavu mwembamba, usiyazibe kabisa.

Msimu wa kaskazi, maji yanaweza kupanda hadi nyuzi 39 au 40 hita ikiwa imezimwa, kwa joto la pampu na mfuniko mzito. Panga pampu izunguke usiku wa manane, na jioni fungua mfuniko. Masika, mfuniko uwe umefungwa na umeinama kidogo ili maji ya mvua yasikae juu yake. Mombasa imeshapata milipuko ya dengi, ikiwemo ya 2013 na 2021, na mbu wake huzaana kwenye maji machache yaliyotulia: kwenye kunjo la mfuniko, kwenye karai la kuoshea miguu, na ndani ya jakuzi lililomwagwa likaachwa na kidimbwi chini. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inakuwajibisha kwa mazalio ya mbu kwenye kiwanja chako.

Mfuniko uwe na kufuli, na ufunguo usining'inie hapo hapo.

Kumwaga

Kwa familia, badilisha maji yote kila miezi sita hivi. Ukikodisha nyumba kwa wageni, kila miezi miwili au mitatu. Siku moja kabla ya kumwaga, tia dawa ya kusafishia mabomba na uache jeti ziwake, ili ute uliojificha ndani utoke.

Zima seli, acha mfuniko wazi juani siku mbili, pima mpaka klorini isome sifuri. Usimwage yote kwa mpigo kwenye shimo la maji taka: klorini inaua bakteria wanaolifanyia kazi, na lita 1,200 kwa saa moja zinalifurisha. Usielekeze kwa jirani wala barabarani, na wala si ufukweni maji yakiwa bado na klorini. Mnazi unavumilia chumvi kidogo hii, lakini mwembe, mndimu na mchicha havivumilii. Njia ninayoiona bora kwa mji wenye mgao ni kuyahamishia kwenye pipa na kuyatumia chooni ndoo kwa ndoo. Nyumba nyingi hapa zinatumia maji ya kisima ya chumvi kwa kazi hiyo hiyo.

Kama hutalijaza upya ndani ya siku chache, fyonza maji yaliyobaki kwa sponji, puliza mabomba, kausha kwa kitambaa, toa filta na seli uziweke ndani ya nyumba zikiwa kavu, na uzime laini yake kwenye boksi.